Naomba ushauri: nyumba ya mradi wa umma kwa mkopo wa miaka 15, au nijenge mwenyewe taratibu?

Mpangaji wa Uyole:
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwalimu hapa Mbeya, nina umri wa miaka 44, na huu ni mwaka wa 11 ninapanga Uyole, ambako mwenye nyumba sasa anataka kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo. Kuna nyumba ya vyumba viwili katika mradi wa taasisi ya umma, inauzwa shilingi milioni 55, na benki imekubali kuzungumza nami kuhusu mkopo wa miaka 15 kwa riba ya asilimia 15. Mshahara wangu wa msingi ni shilingi 1,300,000 na akiba yangu ni milioni 5. Je, niichukue, au nitafute kiwanja nijenge kidogo kidogo kama wenzangu? Nimepewa hadi Ijumaa.

Fundi wa Kihesa:
Ndugu yangu, jenga. Mimi nilichimba msingi mwaka 2009, nikachoma tofali zangu mwenyewe bondeni, na mbao za paina nikazifuata Mafinga. Boma lilikaa miaka 4 bila kupauliwa hadi mpera ukaota sebuleni. Tulihamia mwezi wa Julai madirisha yakiwa hayana vioo, na baridi ya Iringa mnaijua. Mke wangu hadi leo hunikumbusha tukigombana. Lakini hakuna anayenigongea mlango kudai kodi.

Mzee wa Mwanjelwa:
Mnabishana kuhusu nani apandishe ukuta, wakati swali ni nani aandae ardhi. Miaka ya 1970 Serikali, kwa fedha za Benki ya Dunia, iliendesha mradi wa viwanja vyenye huduma, na Mbeya yetu ilikuwa katika awamu ya kwanza pamoja na Dar es Salaam na Mwanza. Iringa ikafuata katika awamu ya pili. Mwananchi alipata kiwanja kilichopimwa, chenye barabara na maji, kisha akajenga kwa uwezo wake, na Benki ya Nyumba ilikuwapo kumkopesha. Benki ile ilikufa mwaka 1995, na tangu hapo akiba ya maskini ni tofali zilizopangwa uani. Shirika la Nyumba la Taifa lipo tangu 1962, nami silibezi, lakini nyumba inayouzwa kwa bei ambayo mwalimu lazima ahangaike hivi haijamfikia mtu wa kipato cha chini. Serikali ipime viwanja na ipeleke mabomba, kuta tutajenga wenyewe.

Mhasibu Mstaafu:
Mzee, historia ni nzuri, lakini mwenzetu ana hadi Ijumaa. Mwalimu, ukitoa akiba yako unabaki na mkopo wa milioni 50, ambao kwa riba hiyo ni takriban shilingi 700,000 kila mwezi. Ongeza kodi ya mapato, pensheni na bima ya afya, ambazo kwa mshahara wako hazipungui 300,000 zikijumlishwa. Utabakiwa na 300,000, ilhali mtumishi anapaswa kubaki na theluthi moja ya mshahara, yaani zaidi ya 430,000. Hakuna benki itakayokupitishia. Ama hesabu yako si sahihi, ama kuna fedha ambazo hujatueleza.

Mpangaji wa Uyole:
Nashukuru, mkuu. Ni kweli sikueleza yote. Nina kiwanja Isyesye ambacho nimepata mteja wa kukinunua kwa milioni 15. Mkopo utashuka hadi milioni 35, na rejesho litakuwa kama 490,000, hapo theluthi inabaki. Hakijapimwa, hakina hati, na kwa kasi yangu ningemaliza kujenga nikiwa nimestaafu. Sioni kosa.

Dada wa Makambako:
Kaka, mke wako anasemaje? Umeandika aya mbili hujamtaja.

Mpangaji wa Uyole:
Yeye ni muuguzi Makete, hurudi mwisho wa mwezi. Tulikinunua pamoja, lakini karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa ina jina langu. Nataka nimshtukize kwa funguo.

Dada wa Makambako:
Atashtuka kweli. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hakiruhusu mwanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Je, hicho kiwanja ni kitupu?

Mpangaji wa Uyole:
Si kitupu kabisa. Kuna vyumba viwili vya uani, anaishi mama mkwe. Hata hivyo nyumba ya ndoa ni ile wanayoishi mume na mke, na sisi hatujawahi kulala pale hata usiku mmoja.

Kijana wa Soweto:
Huu uzi umetungwa. Saa 12 jamaa alikuwa anatafuta kiwanja, saa 1 akawa nacho, saa 2 kikawa na mama mkwe. Tukifika saa 4 kitakuwa na ghorofa. Kwa maoni yangu huyu ni dalali anayepima bei ya Isyesye.

Fundi wa Kihesa:
Hata kama ni dalali, milioni 15 kwa eneo lisilo na bikoni ni nyingi. Mimi nilinunua changu kwa ng'ombe wawili na baiskeli.

Mhasibu Mstaafu:
Mteja amekwishalipa chochote? Jibu hilo tu.

Mpangaji wa Uyole:
Mimi si dalali. Amelipa milioni 3, nami nimekwishaziwasilisha kwenye mradi kama malipo ya awali, la sivyo nyumba ingepewa mtu mwingine. Ndiyo maana niliuliza mapema. Mama mkwe amenipigia simu jioni hii kuuliza vijana waliopima kibaraza chake kwa kamba wametumwa na nani, nami nikamwambia ni watu wa idara ya maji. Amefurahi sana. Anauliza bomba litafika lini.