Naomba ushauri: sabuni ya mise haigandi

Habarini wakuu. Niko Ujiji, natengeneza sabuni kwa mafuta ya mise, yaani ya kokwa za mchikichi, na maji ya majivu ya maganda ya ndizi. Povu lipo, nguo zinatakata, ila inabaki laini kama uji wa mgonjwa. Sokoni wateja wanaiminya kwa kidole, wanaiacha. Najua majivu yana potasi, na potasi hutoa sabuni laini, kostiki, ile soda kali inayounguza, ndiyo inayotoa mche mgumu. Kostiki siitaki, nina watoto watundu nyumbani.

Bibi jirani anasema nitie chumvi ya Uvinza ikiwa bado jikoni, sabuni ijitenge na kuelea. Aliyewahi kufanya, anisaidie: chumvi kiasi gani kwa lita ya mafuta, na naitia wakati gani?