Mashine ya espresso inawaka, pampu inavuta, lakini maji hayapati moto

Wakuu, naomba ushauri. Nina mashine ndogo ya espresso hapa nyumbani, wati 1050, niliinunua mtumba Arusha. Juzi asubuhi imenitolea kikombe cha maji baridi yenye rangi ya chai ya jana. Taa inawaka, pampu inanguruma kama kawaida, joto hakuna.

Nikaichomoa ukutani, nikafungua mfuniko. Koili ya kupashia maji nimeipima kwa mita: omu 50 hivi, na kwa volti 230 inaendana na hizo wati, kwa hiyo ni nzima. Themostati zote mbili zinapitisha umeme. Ila kale kafyuzi ka joto (kanakokata umeme boila ikizidi moto) kaliko ndani ya soksi nyeupe, kalikobanwa ubavuni mwa boila, mita haisomi kitu, yaani kamekatika. Nakiri siku moja kabla niliacha mvuke ukitoka huku tangi limekauka (simu ya shemeji, mnaijua).

Nikiweka fyuzi mpya ya nyuzi joto zilezile itatosha, au ukoko wa chumvi ndani ya boila utaikata tena? Na fundi wa mtaani anataka kuilehemu. Mimi naona joto la lehemu litaiua palepale, bora kuibana kwa koleo. Jirani anasema niunge waya moja kwa moja, niachane na fyuzi. Hiyo hapana.