Fonti ya kichwa imewekwa kwenye aya, kisha naambiwa "haisomeki"

Wakuu, nimetoka kikaoni sasa hivi na mikono bado inatetemeka, mkikuta herufi zimeruka msinisahihishe.

Mnamjua. Simtaji, na sina haja ya kumtaja. Kila kazi ndogo ya tovuti yumo, hakuitwa, halipwi, ila yumo. Safari hii kaingia kwa cheo cha "rafiki wa mwenye chapa, anajua mambo ya kompyuta". Akishatamka ile "simpo tu" yake, kazi imeshakata roho, kilichobaki ni kupanga mazishi.

Chapa yenyewe ni ya sabuni za kutengeneza kwa mkono. Ndogo, ya mtu mmoja. Utajiri wake wote ni jina, maana picha za sabuni duniani kote ni zilezile. Kwa hiyo jina nikaliweka kwa fonti ya Abril Fatface, limejaa skrini ya simu ukuta kwa ukuta, nguzo nene, nyuzi nyembamba, matumbo ya herufi yamejaa vizuri. Aya za chini nikaweka Lato, tulivu, haimsumbui mtu. Mwenye chapa akaliangalia, akasema "eeh!" Nikajua nimemaliza.

Ndipo yule bwana akaomba kipanya.

Akaomba kipanya, wakuu, na mimi kwa ujinga wa adabu nikampa. Akaichukua ile fonti ya kichwa, akaimwaga kwenye ukurasa mzima wa "Kuhusu sisi". Aya zote. Ukubwa pikseli 14. KUMI NA NNE! Halafu akaigeuza laptop taratibuuu, akamwelekezea mwenye chapa, akanyoosha kidole: "Unaona? Haisomeki."

Sasa niseme nini? Kweli haisomeki! Kwa ukubwa ule nyuzi zote zimepotea, zimebaki nguzo tupu, ukurasa umegeuka uzio. Mtindo wa herufi hizo umetoka kwenye mabango ya matangazo ya Uingereza na Ufaransa karne ya 19, herufi za kusomwa ukiwa ng'ambo ya barabara. Hakuna aliyemwandikia mchumba wake barua kwa herufi za bango. Nilifungua mdomo nieleze, ukatoka upepo. Na mwenye chapa AKACHEKA.

Mnadhani kaishia hapo? Kaweka Lobster. Herufi kubwa tupu. Fonti ambayo tangu Pablo Impallari aitoe bure mwaka 2010 imepita kwenye kila kadi, kila fulana, kila kibandiko, yenyewe imechoka inataka kulala. Herufi zake ndogo zimechorwa zishikane mikono, ukipanga kubwa peke yake kila moja inaangalia kwake.

Lakini Lobster nimeisamehe. Nisichosamehe ni ile laptop. Ule mgeuzo! Taratibu vile, kama mwanasheria anayeleta kidhibiti mahakamani! "Unaona?" Nione nini, wakati umekiharibu mwenyewe mbele ya macho yangu?

Pikseli 14. Nawasilisha.

—

Kalamu Butu: Bila picha hatuamini. Weka ya kabla na ya baada.

Mama Pikseli: Nimecheka mpaka mtoto kaamka. Huyo kwangu alikuja kama shemeji wa mteja. Nilikuwa nimeweka fonti ya kichwa yenye uzito mmoja tu, haina nyingine. Akabonyeza B, ile ya kukoleza herufi. Kivinjari kwa kukosa uzito halisi kikainenepesha chenyewe kwa kughushi, matundu ya "e" na "a" yakaziba yote. Akarudi nyuma hatua mbili, akasema "sasa ina nguvu". Nguvu ya wapi, herufi zimevimba macho!

Mleta uzi: Ndiye! Ndiye huyohuyo! Na kidole alinyoosha?

Mama Pikseli: Alinyoosha kalamu.

Bundi wa Saa Nane: Samahani mleta uzi, nisaidie kidogo. Abril Fatface ndiyo fonti ya kipekee? Iko Google Fonts, ya bure, mtu yeyote anaichukua sasa hivi akiwa kitandani. Umeilaani Lobster kwa kuzoeleka, na wewe umeokota ya rafu ya jirani yake.

Mleta uzi: Mkuu, bajeti ya kununua fonti ilikuwa "tutaona". Leseni yake ni huria, biashara inaruhusiwa, sijaiba cha mtu. Na sijasema haipo bure, nimesema KAIWEKA KWENYE AYA. Halafu kaigeuza laptop.

Bundi wa Saa Nane: Ya laptop tumeisikia.

Mleta uzi: Hamjaisikia vizuri. TARATIBU.

Fundi Nyuma ya Pazia: Mimi niko upande wa rafiki wa mteja. Ninyi wabunifu mnachagua, sisi tunabeba. Juzi nimerithi tovuti yenye ukurasa mmoja na fonti za mapambo lukuki, kila moja imekuja na ukoo wake wote, herufi za lugha ambazo tovuti haitaziandika hata siku ya kiyama. Ukifungua kwa simu yenye mtandao wa kusuasua ni weupe mtupu, kivinjari kinaficha maandishi mpaka sekunde 3 kikisubiri bibi harusi apambwe. Dawa ni mstari mmoja wa CSS, ile lugha ya kupanga mwonekano wa tovuti: font-display: swap, maandishi yatokee kwanza kwa fonti ya simu yenyewe. MMOJA. Hakuna aliyeuandika. Mkinitumia WOFF2, faili la fonti lililobanwa kwa ajili ya tovuti, lililobakishwa herufi mnazotumia tu, nitawaombea dua.

Mama Pikseli: Ukiweka swap ndiyo ukurasa unaruka mteja akiwa katikati ya kusoma, kisha anapigiwa nani simu? Mimi.

Fundi Nyuma ya Pazia: Chagua fonti ya akiba yenye upana unaokaribiana. Au chagua kazi nyingine.

Dada wa Nembo: Afadhali ninyi nyote. Mteja wangu jina la chapa lina ng'. Akanunua fonti ya madoido, tena kwa fedha yake, akaniletea kwa furaha. Haina ritifaa! Kivinjari kikaazima ritifaa ya fonti nyingine, ikakaa pale juu nyembamba, mgeni kwenye picha ya familia. Nikamwandikia aliyeichora, akajibu kwa upole kwamba ni fonti "kwa ajili ya maneno mafupi". Kwa hiyo nimwambie mteja abadilishe ukoo? Tangu hapo kabla ya mtu kulipa namwambia andika jina lako lote kwenye kisanduku cha majaribio, na nukta zake, na tarakimu zake, na ritifaa yake, ndipo tuongee mapenzi.

Kalamu Butu: Comic Sans ina ritifaa. Nasema tu.

Mama Pikseli: Comic Sans Vincent Connare aliichora 1994 kwa sababu aliona mbwa wa katuni kwenye programu ya Microsoft anaongea kwa Times New Roman. Na hata huyo mbwa hakuipata, programu ilitoka bila hiyo fonti.

Kalamu Butu: Mbwa kaponzwa na kamati. Kama mleta uzi.

Mleta uzi: Haikuwa kamati, alikuwa MTU MMOJA na kipanya changu.

Mpita Njia: Watu wazima mnatokwa mishipa ya shingo kwa sababu ya herufi. Arial ipo. Helvetica ipo. Tena zote mbili ni kitu kimoja.

Dada wa Nembo: KITU KIMOJA?

Bundi wa Saa Nane: Mpita Njia, kaa chini. Helvetica ni ya 1957, kazi ya Max Miedinger, ikaitwa Neue Haas Grotesk kabla ya kubatizwa upya 1960. Arial ni ya 1982, ikapewa upana uleule wa herufi ili iingie mahali pa mwenzake bila mistari kuhama. Tazama kichwa cha "t": Arial kimekatwa mshazari, Helvetica kimekatwa sawa. Tazama mguu wa "R".

Mpita Njia: Nimetazama. Ni kitu kimoja.

Dada wa Nembo: Mtoeni.

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye mada, hamjaniambia nimjibu nini, kesho namwona tena.

Fundi Nyuma ya Pazia: Huo mguu wa R umenikumbusha. Kuna anayejua kwa nini nikituma faili la Word, yule wa upande wa pili anafungua anakuta Times New Roman?

Bundi wa Saa Nane: Hana hiyo fonti kwenye mashine yake. Iambatishe ndani ya faili unapohifadhi, au tuma PDF.

Fundi Nyuma ya Pazia: PDF nilituma. Akaichapisha, akaniletea karatasi ina miraba badala ya herufi.

Kalamu Butu: Hiyo printa.

Fundi Nyuma ya Pazia: Usinianze na mambo ya printa. Ile ya ofisini kwetu inadai wino wa bluu imeisha wakati nachapisha nyeusi tupu, na ukiigomea inazima.

Mpita Njia: Ya kwetu inakula karatasi mbilimbili.

Dada wa Nembo: Mbilimbili? Ya kwetu inachapisha nusu, halafu inaomba msamaha kwa Kijerumani.