Breka ya soketi inajikata kila jioni: je, ni sahihi kuweka ya ampea 32?

Mkazi wa Goba

Ndugu wanajukwaa, naomba msaada wa wale wanaoufahamu umeme wa majumbani. Nyumba yangu iko Goba, Dar es Salaam, na niliinunua ikiwa imekwisha kutandazwa nyaya, zote zikipita kwenye mabomba ya plastiki ndani ya kuta na juu ya dari. Kisanduku cha breka kina RCD moja (swichi inayokata umeme unapovuja kwenda ardhini), breka mbili za taa zilizoandikwa C10, moja ya jiko iliyoandikwa C32, na mbili za soketi zilizoandikwa C20. Tatizo liko kwenye mojawapo ya hizo C20, ile inayohudumia upande wa nyuma: jikoni, chumba cha nyuma na bafu. Mchana haisumbui kabisa. Jioni, watu wanapooga huku birika la umeme likichemsha maji na mwingine akipiga pasi, breka huvumilia kwa muda kisha hushuka. Nikijaribu kuipandisha papo hapo hukataa kushika. Nikiiacha kidogo hukubali.

Fundi niliyemwita aliitazama na kusema breka ni ndogo, hivyo ataitoa na kuweka ya ampea 32 aliyokuwa nayo mkobani. Aliniambia pia kwamba nyaya ni za milimita 2.5, na kwamba jirani yangu ana nyaya za ukubwa huo huo na breka za soketi za ampea 32 ambazo hazijawahi kumsumbua. Shemeji yangu kwa upande wake anasema breka haina kosa, ila umeme wa mtaa wetu hupungua nguvu jioni, na umeme ukipungua nguvu ampea hupanda. Nimemwomba fundi asubiri. Nani kati yao yuko sahihi?

Fundi wa Zamani

Ndugu yangu, umefanya vyema kumsubirisha, na ningekusihi breka hiyo isiguswe mpaka ijulikane ni waya gani hasa uliomo ukutani na unabeba nini.

Breka imewekwa kuulinda waya. Pasi, birika na friji si jukumu lake. Ndiyo maana fundi makini hachagui breka kwa kuhesabu vifaa vya mwenye nyumba. Hutazama unene wa waya, namna ulivyolazwa na joto la mahali unapopita, ndipo akachagua breka isiyozidi uwezo wa waya huo. Kwa kanuni za Uingereza, ambazo mafundi wetu wengi wamefundishwa kwazo, waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5 wenye ngozi ya PVC, ukipita kwenye bomba ukutani, hubeba ampea 24 iwapo joto la mahali ni nyuzi 30. Joto likifika nyuzi 40 uwezo huo huzidishwa kwa 0.87, na unabaki na ampea 21 hivi. Juu ya dari, chini ya bati lililopigwa na jua la Dar es Salaam tangu asubuhi, si ajabu joto likakaribia nyuzi 50, na hapo kizidishio ni 0.71, yaani ampea 17. Kama bomba moja limebeba saketi mbili, ondoa tena asilimia 20. Kwa hiyo C20 yako si ndogo hata kidogo. Mtu mkali angeweza kusema kwamba kwa baadhi ya sehemu za nyumba hiyo ni kubwa.

Sasa tuje kwenye hesabu ya jioni. Umesema breka hushuka watu wanapooga, nami nashuku kuna shawa ya umeme ambayo hukuitaja. Shawa ya kilowati 5.5 kwenye volti 230 huvuta ampea 24 kasoro kidogo. Birika la wati 2,000 huvuta ampea 8.7, na pasi ya wati 1,200 huvuta 5.2. Jumla inakaribia ampea 38 kwenye breka ya ampea 20, karibu mara mbili ya kiwango chake. Ukitaka kujua kwa nini haishuki papo hapo, fahamu kwamba ndani ya breka kuna kibamba cha metali mbili kinachojipinda kadiri kinavyopata moto, na kupinda huko huchukua muda. Kwa mujibu wa viwango vya kimataifa, breka ya nyumbani ikipitisha mara 1.13 ya ampea zake haipaswi kushuka ndani ya saa nzima. Ikipitisha mara 1.45 ni lazima ishuke kabla ya saa kwisha. Na ikipitisha mara 2.55 ni lazima ishuke ndani ya dakika moja. Shawa peke yake ni mara 1.2 tu, ndiyo maana mtu anaweza kuoga hadi akamaliza bila breka kustuka. Birika na pasi zikiingia, muda huo hufupika sana. Kukataa kushika mara moja baada ya kushuka kunatoka hapo hapo: kile kibamba bado cha moto.

Namna breka inavyoshuka ni ushahidi, na nasikitika kwamba fundi wako hakukuuliza. Ingeshuka kwa kishindo mara tu unapoipandisha, tungetafuta nyaya zilizogusana. Ingeshuka pale tu friji au pampu inapoanza, tungeangalia herufi iliyo mbele ya namba, kwa kuwa breka ya B hukata papo hapo mkondo unapofika kati ya mara 3 na mara 5 ya kiwango chake, ilhali ya C husubiri hadi kati ya mara 5 na 10. Ingekuwa ni RCD inayoshuka, tungetafuta umeme unaovuja kwenda ardhini. Yako inashuka polepole chini ya mzigo mkubwa, maana yake ni kwamba inafanya kazi iliyonunuliwa kuifanya.

Na ikiwekwa ya 32? Ampea 38 ni mara 1.18 tu ya 32, hivyo breka mpya inaweza kutulia muda wote wa kuoga kwa familia nzima, nawe utaona fundi amekuponya. Ukutani, waya wa uwezo wa ampea 24 utakuwa unabeba 38. Joto linalozalishwa na waya hupanda kwa kipeo cha pili cha mkondo, kwa hiyo hilo ni joto la takriban mara mbili na nusu ya lile ambalo waya huo uliruhusiwa kulizalisha, na ngozi ya PVC ya kawaida imeundwa kufanya kazi hadi nyuzi 70 tu.

Kuhusu jirani, yumkini fundi hasemi uongo, ila analinganisha vitu viwili tofauti. Katika saketi ya ringi, waya hutoka kwenye breka, hupita soketi zote na kurudi kwenye breka ile ile, hivyo kila soketi hulishwa kutoka pande mbili na mzigo hugawanyika. Hapo 2.5 kwenye breka ya 32 inakubalika. Mtindo huo uliasisiwa Uingereza katika miaka ya 1940, shaba ilipokuwa adimu baada ya vita, ukatufikia pamoja na plagi za miguu mitatu ya bapa zenye fyuzi ndani yake. Iwapo laini yako inaishia kwenye soketi ya mwisho bila kurudi, kipimo cha jirani hakikuhusu.

Mwalimu wa Fizikia

Naomba nimjibu shemeji, kwa sababu hoja yake ina ukweli nusu na huzunguka sana mitaani. Umeme unapopungua nguvu, mota hujitahidi kufanya kazi ile ile, kwa hiyo friji, pampu na baadhi ya viyoyozi huweza kuvuta ampea nyingi zaidi. Birika, pasi na shawa ni koili za kupasha moto, nazo hufuata kanuni ya Ohm: volti zikishuka kutoka 230 hadi 200, ampea nazo hushuka hadi asilimia 87, na wati hushuka hadi asilimia 76 hivi. Maji huwa vuguvugu tu, lakini breka hupata nafuu. Kwa mzigo alioueleza mwuliza swali, umeme hafifu ungechelewesha breka kushuka.

Mkazi wa Goba

Nawashukuru sana. Ni kweli kuna shawa ya umeme. Aliifunga mwenye nyumba wa kwanza, na kibandiko chake kinasema kilowati 5.5. Nimeita fundi mwingine mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ambaye alizima mein swichi kabla ya kufungua chochote, akahakikisha kwa testa, kisha akaanza kufuatilia waya kutoka kwenye kisanduku.

Alichokikuta ni hiki. Laini hiyo si ringi. Inaishia kwenye soketi ya chumba cha nyuma. Kutoka kwenye kisanduku hadi soketi ya jikoni waya ni wa 2.5 kweli. Ila shawa imechukuliwa nyuma ya soketi ya ukuta unaopakana na bafu, na kipande kinachokwenda kwenye shawa ni chembamba zaidi: alipokipima kwa kalipa, waya wa shaba ulikuwa na kipenyo cha milimita 1.38. Tulipoivuta soketi ile, ngozi ya waya karibu na skrubu ilikuwa imegeuka kahawia na kukakamaa, ikakatika vipande alipoikunja, na plastiki ya nyuma ya soketi ilitoa ile harufu kama ya samaki ambayo tulikuwa tukiisikia jikoni siku nyingi na kuilaumu jalala. Kipande hicho hakikuwa na waya wa ethi, yaani wa kupeleka umeme unaovuja ardhini. Ameikata shawa kabisa. Nauliza mawili: shawa hii inahitaji nini ili itumike kwa usalama, na je, ikiondolewa kwenye laini hiyo, C20 itatosha kwa vilivyobaki?

Mkandarasi wa Mombasa

Kipenyo cha 1.38 ni waya wa milimita za mraba 1.5, wa kulishia taa; wa 2.5 wenye uzi mmoja hupima takriban 1.78. Katika bomba, 1.5 hubeba ampea 17.5, nao ulikuwa ukibebeshwa 24 kila mtu alipofungua maji. Tena zingatieni jambo moja: hata C20 isingeulinda waya huo, sababu aliyeuunga aliishika laini katikati bila kujali breka iliyo mwanzoni. Laini yoyote hupimwa kwa kipande chake chembamba kuliko vyote.

Kwa shawa, mpe fundi kazi ya laini mpya inayotoka kwenye kisanduku moja kwa moja, isiyopita kwenye soketi yoyote. Mimi huku Mombasa huweka waya wa milimita za mraba 6, wenye uwezo wa ampea 41 katika bomba, pamoja na breka ya 32. Wapo watakaokwambia 4 inatosha, na kwenye karatasi hubeba 32 kamili. Lakini 32 hiyo ni ya nyuzi 30, na joto la pwani mnalijua wenyewe. Swichi yake iwe ya ampea 45, inayokata waya wa moto na nyutro kwa pamoja, na ifungwe nje ya mlango wa bafu au juu kwa ile ya kuvuta kamba. Ndani ya bafu pasiwe na soketi wala plagi.

Suala la ethi ndilo lingenikosesha usingizi kuliko breka. Shawa nyingi za bei nafuu zina koili inayogusana na maji moja kwa moja, na koili ikipasuka, umeme hutafuta njia ya kwenda ardhini. Usipokuwepo waya wa ethi, njia hiyo inaweza kuwa mtu aliyesimama juu ya sakafu yenye maji. Breka haiwezi kumwokoa, maana mkondo wa kuua binadamu ni mdogo mno kiasi kwamba breka ya ampea 20 haiuhisi kabisa. Kinachomlinda ni RCD ya miliampea 30 ikifanya kazi pamoja na ethi nzuri. Mwambie fundi apime ukinzani wa nondo ya ethi kwa kipimo chake, asiridhike kwa kuiona imechomeka ardhini, na shawa ipite chini ya RCD hiyo. Kile kitufe kidogo cha kujaribia kilichoandikwa T kibonyezwe mara kwa mara. Kisiposhusha RCD, ibadilishwe.

Fundi wa Zamani

Nakubaliana na mwenzangu wa Mombasa, na kwa swali la pili jibu ni ndiyo. Birika ampea 8.7, pasi 5.2, friji na chaja za simu tuseme 2: hazifiki 16. C20 ibaki ilipo. Siku mtakapoongeza oveni ya mezani au mashine ya kufulia inayopasha maji, rudieni hesabu, na ikizidi, ongezeni laini nyingine, kwani kisanduku chenye nafasi huongezwa breka bila shida.

Yapo mambo machache ya kummalizia fundi kabla hajafunga. Soketi iliyoungua itupwe, isisafishwe na kurudishwa, na waya uliokauka ngozi ukatwe hadi pale unapoonekana laini na wenye rangi yake. Ukiwa mfupi uvutwe mpya kutoka soketi iliyotangulia. Skrubu zote za breka na za soketi za laini hiyo zikazwe upya, kwa kuwa joto la muda mrefu huzilegeza, na skrubu iliyolegea hupata moto hata kwa mzigo halali ambao breka haina sababu ya kuukata. Fyuzi za plagi nazo zifunguliwe: ya birika na ya pasi ziwe za ampea 13, ya redio au taa ya mezani ampea 3, na ukikuta yoyote iliyofungwa kwa uzi wa waya au karatasi ya sigara, plagi hiyo isirudi ukutani mpaka iwekewe fyuzi halisi. Mwisho, aandike kwa kalamu isiyofutika ndani ya mlango wa kisanduku kila breka inalisha nini na kwa waya wa ukubwa gani, ili fundi wa tatu atakapokuja na breka yake mkobani, asome kwanza.