Funguo zilizopangwa kwenye Python: dict, bisect au SortedDict?

Swali: Wakuu, nina rekodi 200,000, ufunguo wa kila moja ni muda kwa sekunde. Nataka kupata thamani ya ufunguo mmoja, kupita zote toka ndogo hadi kubwa, na kuchukua zilizo kati ya A na B. Rekodi mpya zinaingia programu ikiendelea. Nitumie nini?

Jibu la 1: Anza na dict (kamusi ya Python, inayoshika jozi za ufunguo na thamani), mkuu. Ila tangu Python 3.7 dict inatunza mpangilio wa kuingiza, si wa ukubwa. Ukiingiza 30, 10, 20, zinatoka 30, 10, 20. Kama unapita mara moja tu mwishoni, `sorted(d)` inatosha.

Jibu la 2: Hapo ni kama data imetulia. Huyu anaingiza huku anasoma, atapanga upya kila mara. Thamani zibaki kwenye dict, funguo ziwekwe pembeni kwenye orodha iliyopangwa (`funguo`), na moduli ya bisect itafute nafasi ndani yake:

```
i = bisect_left(funguo, A)
j = bisect_right(funguo, B)
for k in funguo[i:j]:
    print(k, d[k])
```

Kabla ya `insort` (ya bisect, inayoingiza ufunguo mahali pake), kagua `if k not in d`, la sivyo ufunguo uleule utakaa mara mbili. Ukifuta, futa kote kuwili.

Jibu la 3: Mtego uko kwenye `insort`. Kutafuta nafasi ni hatua kama 18 tu kwa funguo 200,000, lakini kuingiza katikati kunasukuma vyote vilivyo mbele yake. Muda ukija kwa mfuatano, ufunguo unaangukia mwishoni, hakuna cha kusukuma. Zikija shaghalabaghala, chukua SortedDict, dict inayojipanga yenyewe kwa ufunguo: `pip install sortedcontainers`. Ndani yake funguo zimegawanywa kwenye orodha fupifupi, kwa hiyo kinachosukumwa ni kipande kimoja. `d` ikiwa SortedDict, `d.irange(A, B)` inatoa funguo za kati, A na B zikiwemo. Usiongeze wala kufuta ndani ya kitanzi hicho, zitoe kwanza kwa `list(d.irange(A, B))`.

Swali: Nyingi zinafuatana, chache tu zinachelewa. Na heapq, moduli ya lundo (heap), je?

Jibu la 2: Hapana. heapq inakuhakikishia ufunguo mdogo kuliko wote, basi, zilizobaki hazijapangwa. Kwako bisect inatosha, kwani ufunguo uliochelewa kidogo unasukuma vichache.

Jibu la 1: Angalia pia aina ya funguo. Zikisomwa toka faili la CSV huja kama maandishi, na "10" inatangulia "9" bila kosa lolote kuonekana. Ukichanganya maandishi na namba, angalau TypeError itakuzindua. Pitisha `int()` kabla ya kuingiza.