Naomba ushauri: nikiruka na foili, natua kwa pua

Wakuu, salaam. Niko Paje, Zanzibar, upepo wa kusi umekolea, ila mimi nimekwama. Kuteleza juu ya maji kwa foili (kile kipezi cha chini ya ubao kinachouinua juu ya maji) na bawa la mkononi la kukinga upepo nimeshazoea, huu mwaka wa pili. Shida ni kuruka. Nachuchumaa, nasukuma kwa mguu wa nyuma, foili inachomoka majini vizuri tu, lakini kwenye kutua pua ya ubao inachimba, natupwa mbele kama gunia. Je, naegemea mno mbele, au nashusha bawa mapema? Mlingoti wangu, yaani nguzo inayounganisha ubao na foili, ni sentimita 85, kwa hiyo najaribu maji yakijaa tu. Yakipwa utagonga mchanga. Kofia ngumu navaa, msinigombeze. Na mikanda ya miguu ya kwenye ubao, niifunge au niache kwanza?