Mrejesho: ile plagini ya saa za swala, koodi yangu imekubaliwa

Assalaam aleikum wandugu, mwezi uliopita niliwauliza vipi nitarekebisha ile plagini huria (programu ndogo ya nyongeza, koodi yake wazi kwa wote) ya saa za swala ya WordPress, ule mfumo wa kutengenezea saiti, maana kwa saiti ya msikiti wetu huku Kisauni adhuhuri ilikuwa yaonekana saa tatu na nusu asubuhi. Mkanambia nisiguse faili za seva, nifoku (ninakili koodi kwenye akaunti yangu), nifungue branchi (tawi la kufanyia mabadiliko), nitume puli rikwesti, yaani ombi la mabadiliko yangu yaingizwe. Nimefanya hivyohivyo na wallahi imeingia!

Tatizo lenyewe dogo, koodi ilitumia date(), amri ya kuonyesha saa ya PHP (lugha iliyoandikiwa WordPress), na WordPress huiweka PHP kwenye UTC, saa ya kimataifa, sisi tuko UTC+3, masaa matatu mbele, sasa nikaweka wp_date() ambayo iko tangu toleo la 5.3 la WordPress na yafuata taimuzoni (ukanda wa saa) ya setingi za saiti.

Mara ya kwanza nilirudishwa, nilichanganya na tafsiri ya Kiswahili humo humo, msimamizi wa plagini akaniomba nitenganishe, na haki yake kabisa. Yule ndugu aliyesema niandike testi (koodi ya kuhakiki kwamba rekebisho lafanya kazi), ahsante sana, ndiyo iliyomridhisha.

Sasa namalizia faili la .po, lile la tafsiri ya Kiswahili. Isha niandike 19:40 au saa 1:40 usiku? Mimi nataka saa zetu, mamangu ndizo asomazo.